Sinywi, Wala Silii

Ukifika stendi ya Bweri, mjini Musoma, ukawauliza makonda wa zamani habari zangu, utaambiwa mambo mawili: yule mzee hanywi, na yule mzee halii.

La kwanza ni la kazi. Nimeshika usukani wa mabasi madogo kati ya Musoma, Bunda na Mwanza kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na matajiri walinikabidhi funguo kwa sababu alfajiri, saa ambayo dereva mwingine bado ananuka gongo ya jana, mimi nilikuwa nimeshapima oili na maji. La pili ni la malezi. Mimi ni Mjita wa upande wa Bunda, kule ziwani. Mke wangu ni Mzanaki wa Butiama. Kwao na kwetu mambo mengi yanatofautiana, lakini hili tunakubaliana: mwanamume akishakuwa na mji wake, uchungu anaumalizia kifuani.

Machozi yangu ya hadharani, kabla ya haya ninayoyasimulia, yalikuwa ya Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 ya mwezi ule, kwa saratani ya damu, akazikwa kwao Butiama tarehe 23. Siku zile barabara inayochepuka Makutano kwenda Butiama haikuwa na nafasi ya kupishana. Nilibeba wazee, watoto wa shule, akina mama waliojifunga vitenge, na wanaume wazima walilia garini bila kujificha. Nikalia nao huku nimeshika usukani. Baada ya hapo nikanyamaza miaka yote.

Saratani yangu mimi ilipokuja, ilinivua sifa zote mbili, na ilinivua kwa njia ambayo nisingeiotea: machoni.

Ugonjwa wenyewe ni wa tezi dume. Ni saratani inayowaandama sana wanaume weusi, hapa kwetu na hata kwa ndugu zetu wa Marekani na Uingereza, na mara nyingi inagundulika ikiwa imeshatoka kwenye tezi. Yangu ilikutwa mifupani. Nilianzia hospitali hapa Musoma, nikapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, inayohudumia kanda nzima ya ziwa. Binti yangu mkubwa ni mwajiriwa wa serikali, alikuwa ameniandikisha kwenye bima yake, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikitaja jina lake. Nilianza na dawa za kushusha homoni ya kiume, zikafanya kazi kwa muda mzuri. Kisha kipimo cha damu cha PSA kikaanza kupanda tena, na madaktari wakasema sasa tuingie kwenye kemo.

Dawa niliyotundikiwa inaitwa dosetakseli. Asili yake ni majani ya mti wa Ulaya, na mbali na huu ugonjwa wetu wanaume inatibu pia saratani ya titi, ya mapafu, ya tumbo, ya kichwa na shingo. Kwa kawaida hutolewa mara moja kila wiki tatu. Mtu ambaye mwili wake hauhimili dozi kubwa anaweza kupewa kidogo kidogo kila wiki, na mimi, damu yangu ikiwa chini, niliwekwa katika kundi hilo. Mpango wa kila wiki una huruma kwa damu. Kuna mahali pengine ambapo hauna huruma, nitapaeleza.

Nilijiandaa kwa kunyonyoka nywele, ambazo hata hivyo hazikuwa nyingi. Nilijiandaa kwa vidonda vya mdomo, kwa ganzi ya vidole, kwa kucha kubadilika rangi. Macho sikuyawazia.

Lilianza jicho la kushoto. Asubuhi natoka nje, upepo wa ziwa unanipiga, chozi linashuka. Nafuta, linashuka jingine. Ikafika mahali nikawa nafuta hata ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Baadaye sana la kulia nalo likafuata. Usiku maji yalituama na kukauka, na asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, hazifunguki mpaka nipate maji ya uvuguvugu. Nywele za kope zikapukutika, vumbi lililokuwa linazuiwa nazo likaingia bila kubisha hodi. Ngozi ya chini ya jicho, kwa kulowa na kufutwa kutwa nzima, ikachubuka hadi chumvi ya chozi lenyewe ikawa inaiunguza.

Kilichonichanganya ni kwamba macho yaliyojaa maji yalikuwa pia yanauma kwa ukavu. Nikipita Mwigobero dagaa wameanikwa na upepo unavuma, au nikiingia jikoni mke wangu anapopuliza kuni, nilishindwa kabisa kuyafungua. Nilikuja kuelewa kwamba chozi zuri lina mafuta na ute wa kulifanya litulie juu ya jicho. Matibabu yakiharibu mchanganyiko huo, jicho linakauka, na likikauka linaita maji mengi mepesi ya dharura, yanayomwagika bila kulainisha chochote. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na macho makavu na mashavu yaliyolowa kwa wakati mmoja.

Sasa mchukue dereva mwenye macho mekundu yanayochuruzika, mweke barabarani. Siku moja pale Bunda trafiki mmoja, kijana ninayemjua tangu anaanza kazi, alinisimamisha, akainama dirishani, akanitazama kwa muda.

"Shikamoo mzee wangu. Umeanza lini?"

"Marahaba. Nimeanza nini?"

Hakujibu. Alikwenda kuleta kile kipimo cha kupuliza. Nilipuliza mbele ya abiria wangu wote, kikasoma sifuri. Akaniomba radhi, nikamwambia hana kosa, kazi ni kazi. Lakini abiria walikuwa wameshaona, na maneno yalifika Bweri kabla yangu: mzee kansa imemzidi, sasa anakunywa.

Hata hivyo, kilichonishusha kwenye usukani ni taa, wala si maneno ya watu. Machozi yakisimama mbele ya mboni, taa ya gari linalokuja inavunjika vipande, na kila kipande kinaburuta mkia. Kati ya Bunda na Lamadi, ambako hifadhi ya Serengeti inaisogelea barabara na mnyama anaweza kukatiza wakati wowote, jioni moja nilipunguza mwendo hadi konda akaja mbele kuuliza gari ina tatizo gani. Nikamwambia gari ni nzima. Tulipofika nilimpelekea tajiri ufunguo wake. Alidhani nataka nyongeza.

Sifa ya pili iliondoka kwa kuchekesha zaidi. Binti yangu mdogo alichumbiwa, na upande wa mwanamume ukaja nyumbani kuzungumza mahari. Kwetu Mara mazungumzo hayo ni ya ng'ombe, na ni marefu. Baba wa binti anakaa kimya, msemaji wake ndiye anayevutana. Wetu ametaja idadi yake, wao wametaja yao, pengo ni kubwa, na mimi nimekaa pembeni nachuruzika. Msemaji wao akanitupia jicho, akanong'onezana na wenzake, akasimama.

"Tumemwona mzee wetu anavyoumia kutengana na mtoto wake," alisema. "Hatutaki kuondoka hapa tumemliza mkwe. Tunaongeza."

Shemeji yangu, mtu wa Butiama asiyepoteza nafasi, alinikanyaga mguu nisiseme neno. Baada ya harusi nilimweleza mkwe wangu ukweli wote. Alicheka hadi akakaa chini, ila ng'ombe wake hajadai.

Na huko huko Butiama ulitokea msiba wa jamaa wa mbali wa mke wangu, mtu ambaye tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Nilikaa nyuma na wanaume wenzangu. Akina mama wakaniona. Wakanifuata, wakanishika mikono, "Pole baba, pole sana, yote ni mapenzi ya Mungu," wakanihamishia mbele kwenye viti vya wafiwa. Nikapewa pole na watu nisiowajua mpaka jeneza likatoka. Mke wangu alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kilio.

Leo nasimulia nikicheka. Wakati ule kila nilipotafuta dawa nilipata jibu lake. Duka moja la dawa waliniambia ni aleji ya vumbi. Zahanati moja wakasema ni umri, wakanipa matone ya kuua vijidudu. Tongotongo likapungua, machozi yakaendelea kwa kasi ileile. Jirani mmoja pale Nyasho akaniletea majani ya kukamulia jichoni, mwingine akashauri maziwa ya mama anayenyonyesha. Hayo niliyakataa. Nimewahi kubeba wagonjwa wa kupelekwa hospitali, jicho limefunikwa na weupe baada ya kukamuliwa majani, na sikutaka kuwa abiria wa safari hiyo.

Aliyenifumbua alikuwa mgonjwa mwenzangu. Ilikuwa siku ya kliniki, Mwanza, tumekaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bunda, anatibiwa saratani ya titi. Alinitazama ninavyofuta, akafungua mkoba wake, akatoa leso safi iliyopigwa pasi, akanipa.

"Shikamoo baba. Upo kwenye kemo gani?"

"Marahaba mwanangu. Hii ya kila wiki."

"Dosetakseli?"

"Hiyohiyo."

"Basi si vumbi hilo. Umewaambia?"

"Nimewaambia wengi."

"Daktari wa kansa umemwambia? Mwambie leo, kabla hawajakutundikia. Mimi yangu yalikuwa hivyohivyo. Nikapelekwa macho, wakanizibua."

Zamu yangu ilipofika nililisema hilo kabla sijaulizwa habari za choo na usingizi. Daktari aliacha kuandika, akainua uso, akaniuliza yameanza lini na yanamwagika hata ndani ya nyumba au nje tu. Kisha akaniandikia karatasi ya kwenda kwa wenzake wa macho.

Daktari wa macho alipojua kazi yangu, alinieleza kwa lugha ya barabarani. Machozi yanatengenezwa kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Kila ukipepesa, kope zinayasambaza na kuyasukuma kuelekea pembe ya ndani, karibu na pua. Pale kila jicho lina vitundu viwili, kimoja kwenye kope ya juu na kingine ya chini, vidogo hata wengi wetu tunazeeka bila kujua kwamba tunavyo. Vitundu vinaingia kwenye vijia vyembamba, vijia vinaingia kwenye mfuko wa machozi, na mfuko unatoa maji kwa mfereji unaoshuka ndani ya mfupa hadi puani. Ndiyo sababu mtu akilia, kamasi nazo hutoka.

"Mvua haijaongezeka, mzee," aliniambia. "Kalavati limeziba, maji yanapita juu ya lami."

Nilimwelewa palepale. Nimeona barabara nyingi zikiliwa na maji ya namna hiyo.

Na kinachoziba si uchafu ulioingia kutoka nje. Dosetakseli ikishakuwa kwenye damu, inatoka pia kwenye machozi. Machozi hayo yenye dawa yanapita katika vile vijia, utando laini wa ndani unaungua na kuvimba, na ukipona unaacha kovu. Kuta zinasogeleana, mwisho zinashikana. Anayetundikiwa kila wiki tatu, vijia vyake vinapata nafasi ya kutulia kabla ya dozi nyingine. Wa kila wiki hapati nafasi hiyo, na hapo ndipo pale nilipopasema kwamba mpango ule hauna huruma. Madaktari wa Houston, Marekani, walianza kuliandika jambo hili katika majarida ya tiba mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwafuatilia wagonjwa waliokuwa wanachuruzika machozi bila kujua kwa nini.

Dosetakseli haiko peke yake. Floroyurasili, inayotumika sana kwa saratani za utumbo, inaweza kuviziba vijia hivihivi. Iodini ya mionzi, wanayopewa wenye saratani ya tezi ya thairoidi, inaweza kuuziba mfereji wa chini. Na mionzi ikielekezwa karibu na jicho au pua, inaweza kukausha tezi ya machozi na kuharibu njia yake. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya wanaume wa tezi dume tu.

Vipimo vyake ni vyepesi kuliko nilivyoogopa. Aliniwekea tone la rangi ya machungwa katika kila jicho, akasubiri dakika chache, akawasha taa ya buluu. Katika jicho lenye njia nzima, rangi ile inakuwa imeshashuka. Kwangu ilikuwa bado imesimama. Kisha akanitia ganzi ya matone, akachukua bomba la sindano lenye ncha butu, akaiingiza ncha kwenye kitundu cha kope ya chini, akasukuma maji ya chumvi taratibu.

"Ukisikia ladha kooni, inua mkono."

Upande wa kulia alisukuma, akaongeza nguvu kidogo, na mara nikaisikia: chumvi, nyuma ya ulimi. Nikainua mkono. Upande wa kushoto maji yalirudi yalikotoka, yakanimiminikia shavuni hadi shingoni. Kooni hakikufika kitu.

Tofauti hiyo ya macho mawili ndiyo ushuhuda wangu. Dawa ni moja, mwili ni mmoja, mgonjwa ni huyohuyo. Kilichotofautiana ni muda. La kulia lilianza baadaye, likamkuta daktari njia yake ikiwa imesinyaa tu. Wakaipanua, wakapitisha mrija laini wa silikoni, mwembamba mno, unaoingia kwa kitundu cha juu na cha chini na kufungwa ndani ya pua, ukaachwa humo miezi kadhaa ili kuta zisishikane wakati matibabu yanaendelea. Haukuwa unauma. Kwenye pembe ya jicho ulionekana mstari mdogo unaong'aa, na wajukuu walipanga foleni kuutazama. Ulipotolewa, njia ilibaki wazi, na jicho lile leo linakauka kama la mtu yeyote.

La kushoto vijia vyake vilikuwa vimekuwa kovu tupu. Hapo kuzibua hakusaidii. Inabidi ichongwe njia mpya kupitia mfupa hadi puani, na kuwekwa kijibomba kidogo cha kioo ambacho kinabaki humo na kinataka matunzo. Tulizungumza na daktari, tukaiweka mezani na ile mifupa yangu mingine yenye shughuli yake, nikasema hapana. Jicho la kushoto linachuruzika hadi hivi ninavyozungumza.

Dalili zikiwahi kutajwa, kumbe yapo mengi ya kufanywa: kusafisha vijia kwa maji ya chumvi mara kwa mara, matone ya kupunguza uvimbe anayoyaandika na kuyasimamia daktari, mrija kama nilioupata, au kubadilisha ratiba ya kemo pale hali ya mgonjwa inaporuhusu. Hayo ni maamuzi ya daktari wa kansa na wa macho wakiwa wanazungumza pamoja. Mgonjwa asijiamulie mwenyewe nyumbani kuacha dripu kwa sababu ya machozi. Dawa iliyonizibia jicho ndiyo iliyotuliza maumivu ya mgongo wangu hadi nikacheza kwenye harusi ya binti yangu.

Kuishi na jicho lisilozibuka ni mambo madogo ya kila siku. Asubuhi nachemsha maji, nayaacha yapoe hadi uvuguvugu, nalowesha kitambaa safi na kukiweka juu ya kope zilizofumba, kisha nafuta tongotongo polepole. Leso zangu zinafuliwa na kupigwa pasi, na sichangii na mtu. Nimefundishwa namna ya kufuta: unagusa kwa kuelekea puani, huvuti kope kwenda chini. Ukiivuta kila siku, kope inalegea na kupinduka nje, kitundu kinaachana na jicho, na hata njia iliyo wazi inakosa maji ya kupitisha. Chini ya jicho napaka mafuta mepesi ya mgando ili chumvi isichubue ngozi. Kwa ukavu nina matone ya machozi ya bandia niliyoandikiwa. Nikitoka navaa miwani, kwa jua na kwa upepo pia. Mke wangu amehamia kwenye jiko la gesi, anasema kwa ajili yangu, ingawa naona na yeye amenawiri.

Yapo ambayo hayasubiri asubuhi. Kikitokea kivimbe chekundu chenye maumivu kati ya jicho na pua, mfuko wa machozi umeingia usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hali kadhalika jicho likiuma sana, likikimbia mwanga, au uoni ukififia. Na yale matone yenye steroidi yanayouzwa dukani kwa kuelezea tu dalili, usiyatumie bila daktari. Yanaondoa wekundu haraka, na huku ndani yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Watu huniuliza kama nilisikitika kuacha usukani. Nilisikitika. Ila nikiwa nyumbani nilipata muda wa kuitafakari ile sifa yangu ya kutokunywa, nikaona kwamba haikuwa sifa ya mdomo. Ilikuwa ahadi kwa abiria kwamba aliyekaa mbele anaiona njia. Siku taa zilipovunjika vipande pale njia ya Lamadi, ahadi ileile ndiyo iliyonishusha. Nilirudisha ufunguo nikiwa dereva yuleyule niliyepewa.

Ile ya pili, ya kutokulia, ilichukua muda mrefu zaidi kunitoka.

Mimi na yule mwalimu wa Bunda tuliendelea kukutana siku za kliniki. Akawa ananiita baba, nami nikawa namletea dagaa wa Musoma, kwa sababu alikuwa anadai wa Bunda wana mchanga. Wagonjwa wapya wakija, yeye ndiye alikuwa anawatazama machoni kabla hajawauliza kitu kingine. Kisha saratani yake ikapanda kwenye ini, na hakukaa muda mrefu.

Kwenye mazishi yake Bunda nilikaa na watu wa stendi, vijana walioniendeshea gari kufika pale. Wanafunzi wake walikuja na sare zao wakaimba. Machozi yalinishuka, na safari hii yalishuka pande zote mbili, hata lile la kulia lililozibuliwa. Mama mmoja akainuka kuja kunipa pole. Konda wangu wa zamani akamzuia kwa heshima: "Mwache mama, huyo mzee si kwamba analia. Ni macho yake, ya dawa."

Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa na kisingizio ambacho mwanamume yeyote wa Mara angekilipia ng'ombe.

"Leo nalia," nikamwambia. "Huyu alikuwa mwanangu."

Kijana yule hakujua aseme nini. Mama akaja, akakaa karibu yangu, tukalia.

Tangu siku hiyo sijifichi tena kwa lolote kati ya hayo mawili. Nikiingia mahali penye wageni natangulia kusema kwamba macho yangu ni ya dawa, wasihangaike. Nikiwa na uchungu nasema nina uchungu. Mke wangu anasema nimekuwa mwepesi kuishi naye, na huyo si mtu wa kugawa sifa.

Sasa hivi asubuhi nyingi nipo Bweri, nasaidia kupanga zamu za magari. Wiki chache zilizopita kijana mmoja fundi wa tairi alinifuata. Mama yake yupo Butiama, anatundikiwa dawa ya titi Mwanza, na macho yamekuwa yanamwagika hadi majirani wanadhani amekata tamaa. Nilimuuliza mambo matatu: dawa inaitwaje, anapewa kila baada ya muda gani, na machozi yanashuka hata akiwa ndani. Nikamwambia amwandikie mama majibu hayo kwenye karatasi, ayasome mbele ya daktari wa kansa kabla ya kutundikiwa, na aombe kupelekwa idara ya macho, apimwe kama njia inapitisha maji.

Akaniuliza kama watamzibua yote mawili. Nikamwambia hilo litajulikana pale watakapomsukumia maji ya chumvi. Kazi yake yeye ni kumfikisha mapema. Kisha nikafungua daftari la zamu, nikawaandikia viti viwili vya mbele kwenye gari la kwanza la Mwanza.